Poda Niliyomwaga Kabla ya Wakati

Mpaka leo, hapa Likasi, kuna watu wakikutana nami barabarani wanajipangusa mabega kisha wanacheka, na mimi nacheka nao, kwa sababu sina la kujitetea.

Mdogo wangu Mireille alikuwa anamaliza chuo. (Mimi shule niliiacha mapema, nikazunguka: nimechimba Kambove, nimeuza samaki wa ziwa la Tshangalele, nimetengeneza pikipiki Kakanda, sijawahi kukaa mahali hadi kiti kipate joto.) Kazi yake ilikuwa kupitisha mwanga wa leza katikati ya moto wa gesi. Gesi zilizo ndani ya moto hujibu kwa mwanga wake zenyewe, hafifu mno, na ukiusoma huo unajua kama moto unawaka vizuri au unatoa sumu. Taabu ni mwanga usiotakiwa: wa dirishani, wa moto wenyewe, na mbaya kuliko yote, wa leza inapogonga vumbi. Nayajua haya kwa sababu ni mimi niliyeziba madirisha ya maabara kwa vitambaa vyeusi na kupiga deki sakafu, huku nikimuuliza maswali mpaka akachoka.

Siku ya kutetea kazi yake familia nzima ilikuja na poda, kama tunavyofanya: mtoto akifaulu, anamwagiwa kichwani mpaka awe mweupe. Tantine Béa, dada ya baba, ndiye huwa wa kwanza kila mara, na siku hiyo nilitaka nimtangulie, kwa hiyo nikalegeza kifuniko cha kopo langu mfukoni. Basi, hicho tu.

"Yaya," Mireille, aniitaye hivyo kwa kuwa mimi ni mkubwa wake, aliniambia mlangoni, "ile mashine ni ya kuazima, kesho inarudia Lubumbashi. Kama leo inakatala, minye sina siku ingine. Ikala pale nyuma, usitembee-tembee."

"Minye? Niko jiwe."

Moto ukawashwa, wa buluu, umetulia. Mstari kwenye kompyuta ukaanza kupanda taratibu, profesa aliyekuwa akimpima akaitikia kwa kichwa na kusema "Bien," yaani vizuri, na mimi nikadhani imekwisha, nikaruka, nikachomoa kopo, kifuniko kikabaki mfukoni na poda yote ikaenda hewani. Leza, ambayo mpaka hapo hatukuiona ikipita, ikatokea juu ya meza kama uzi wa kijani uliovutwa, na (Mungu anisamehe) ilikuwa nzuri hata nikasogea niiangalie, nikatimua poda zaidi, mpaka profesa akanishika kola. Mstari ukaruka hadi juu ya skrini. Tantine Béa alipouona umepanda hivyo akajua mtoto amefaulu, akapiga vigelegele, akamwaga na yake.

"Mama," profesa akasema kwa upole, "hatuyamaliza bado."

Mireille hakunifokea. Alizima moto, leza akaiacha, akavua miwani yake, akaniangalia kama mtu anayeangalia mvua ikinyeshea nguo alizoanika.

"Vumbi itashuka, Prof," akasema. "Tungojee. Lakini muntu asitikisike. Zaidi sana ule," akanionyesha kwa kidevu, "iko nayo mu nguo yote."

Profesa akaangalia saa. "Nangoja mpaka saa ya kula."

Basi nikakaa. Kila nikivuta pumzi poda ilinitoka begani ikaelekea mezani, na uzi wa kijani ukanisema mbele ya wote. Mguu ukafa ganzi, pua ikaniwasha.

"Weye ukipiga chafya," Tantine akaninong'oneza, "utarudia kulala Kambove."

"Na weye ulimwaga pia, Tantine."

"Minye nilifuata weye. Nyamaza."

Polepole uzi ukafifia, ukawa nukta nukta, ukapotea. Mireille akapima kwanza leza bila moto, ajue mabaki ya poda ni kiasi gani ayatoe kwenye hesabu, ndipo akawasha. Mstari ukapanda taratibu, ukatulia. Profesa alikosa chakula chake, lakini alitia sahihi.

Nje tukashangilia, halafu tukatazamana: makopo yote matupu. Tantine alipiga lake kitako, halikutoka kitu. Mireille akaja moja kwa moja kwangu.

"Inama, yaya."

Akanikung'uta mabega na nywele kwa mikono miwili, akajipaka poda yote kichwani mwake.

Anasema atasoma zaidi. Siku hiyo ikifika nitangojea nje, kopo atashika Tantine, na sitainuka mpaka Mireille mwenyewe aje kuniita. Kukaa nimeshajifunza.