Jina la Baba Mkwe

Béata Umuhire aliuguza watu kwa miaka mingi kabla ya kujua kwamba kazi hiyo ina shule. Mjini Goma, mashariki mwa Kongo, mgonjwa haendi hospitalini peke yake. Muuguzi humchoma sindano na kumbadilishia dawa, lakini kumwosha, kumgeuza, kumpikia, kumfulia nguo na kumshika mkono hadi msalani ni juu ya ndugu aliyekuja naye, na ndugu huyo huitwa garde-malade. Béata alikuwa garde-malade wa mama yake, kisha wa dada yake, na mwishowe wa mume wake Fortunat, ambaye alirudishwa kutoka Bunagana akiwa na mgongo uliovunjika, baada ya magunia kumwangukia alipokuwa akipakua lori mpakani.

Fortunat alilala kitandani tangu Pasaka hadi mvua za Septemba, akafariki. Siku ya mazishi, mtawa aliyesimamia chumba cha wanaume alimshika Béata mkono kando ya kaburi.

"Mama, mumeo amekufa, lakini ngozi yake haikupata kidonda hata kimoja. Unajua ni wangapi wanalala miezi hiyo yote bila kidonda? Kanisa letu la paruasi linafungua kozi ya aide-soignante, ya wasaidizi wa wauguzi. Uende."

Hakwenda mara moja. Nyumbani alikuwa na mtu mmoja wa kutunza, baba wa Fortunat, muzee aliyekimbia naye kutoka Kibati vita vilipofika huko. Walikaa katika nyumba ya mbao upande wa Ndosho, juu ya mawe meusi ya volkano ambayo hata jembe halina la kufanya nayo. Muzee alikuwa mkulima. Kibati alikuwa ameacha shamba la maharage, ng'ombe, nyumba yenye mabati mapya na kaburi la mke wake. Sasa alikaa mlangoni mwa nyumba isiyo yake, macho yakizidi kupoteza nuru, akisikiliza chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma mizigo, zikipita barabarani.

Muzee huyo aliitwa Hitimana, lakini Béata hakuwahi kulitamka jina hilo. Kwao, wasemaji wa Kinyarwanda, mwanamke akiolewa halitaji jina la baba mkwe. Desturi hiyo huitwa gutsinda. Wasichana wa siku hizi wanaiacha, hasa wale waliozaliwa mjini, lakini Béata alifundishwa na mama yake, na mama yake alifundishwa na nyanya yake, na hakuona sababu ya kuwa yeye wa kuivunja. Alimwita muzee Databukwe, yaani baba mkwe wangu. Hata jirani aliyekuwa na jina kama hilo, Béata alimwita "papa wa pale kwa fundi". Katekista aliposoma majina ya wafu kanisani, na jina hilo likawemo, yeye alifumba midomo na kungoja lipite.

Muzee alijua, na alijivunia. Jioni moja alimwambia mgeni aliyekuja kuwajulia hali, kwa sauti ya chini, akidhani Béata yuko mbali: "Ng'ombe walikwenda. Shamba lilikwenda. Mutoto alikwenda. Lakini kuko mutu mumoja hapa duniani asiyetaja jina yangu. Basi mi bado ni muzee."

Béata alikuwa nyuma ya ukuta wa mbao akichambua mchele. Alisikia kila neno.

Mwaka uliofuata alijiandikisha kwenye kozi.

Wanafunzi wengi walikuwa wadogo kwake. Rosine, msichana mwenye kicheko cha kusikika hadi barabarani, ndiye aliyejitolea kuwa mgonjwa wakati wa mazoezi, kwa sababu alipenda kulala.

"Mugonjwa, unaitwa nani?" Béata alimuuliza siku ya kwanza, besani ya maji mikononi.

"Malkia wa Sake," Rosine akajibu, macho yamefungwa. "Na maji yasikuwe baridi, nitakufukuza kazi."

Darasa zima likacheka. Mwalimu wao, Madame Sidonie Cirimwami, hakucheka. Alikuwa mwanamke mwembamba kutoka upande wa Bukavu, aliyefanya kazi ya uuguzi tangu ujana wake. Alikuwa na sheria moja aliyoitanguliza mbele ya nyingine zote: jina kwanza, mkono nyuma. Mgonjwa asiguswe, asihamishwe, asipewe hata maji, kabla hajaitwa kwa jina lake na kuitika mwenyewe.

"Si ya adabu," alisema. "Ni ya usalama. Uso unadanganya. Kitanda kinadanganya. Banahamisha batu usiku, mashuka inafanana. Jina njo kitu pekee mugonjwa alikuja nacho."

Béata aliipokea sheria hiyo kama alivyopokea nyingine zote, bila kubisha. Alijua kutandika kitanda mtu akiwa ndani yake. Alijua kumgeuza mtu mzito bila kumvuta mkono. Madame Sidonie alimtazama akifanya kazi na mara nyingine alisahau kusahihisha.

Walipopelekwa kwenye staji, mazoezi ya kazi, katika hospitali ndogo ya paruasi, tatizo lilijitokeza, lakini Béata alilipita kama mtu anavyopita shimo la barabarani alilolizoea. Upande ule wa nchi wanaume wenye jina la baba mkwe wake si wachache. Kila alipokutana na mmoja alisema: "Papa wa dirishani, tunaenda kuoga." Au: "Weye uliyetoka Rutshuru, habari ya usiku?" Watu waliitika, wakamshukuru, na hakuna aliyegundua kitu.

Ndipo siku moja asubuhi muuguzi wa zamu, akiwa na haraka, alimkabidhi ndoo ya uji na vikombe.

"Wape wote wa salle ya wanaume. Ila Hitimana asipewe kitu. Batamupasua leo, iko na ngiri. Umesikia? Hitimana, hapana kitu."

"Nimesikia," Béata akasema.

Aliingia katika salle, chumba cha wanaume. Kulikuwa na wagonjwa wapya aliokuwa hajawaona bado. Garde-malade wengi walikuwa nje, wakiwasha makaa na kufua. Alisimama katikati, ndoo mkononi. Alichotakiwa kufanya kilikuwa kidogo sana. Kulitaja jina, kungoja mtu aitike, kumpita. Neno lilikuja hadi kwenye meno. Akalimeza, kama alivyolimeza tangu siku ya ndoa yake, na badala yake akauliza:

"Ni nani banapasua leo?"

"Ni miye!" akajibu mtu mmoja mwenye mguu uliofungwa, karibu na mlango. Huyo alikuwa akiambiwa "leo" tangu juma lililopita, na kila siku ilihamia kesho.

"Basi pole, papa. Leo hupati uji."

"Sawa, mama. Mungu atasaidia ikuwe leo ya kweli."

Béata akampita, bila kungoja kama kuna mwingine. Wengine wote akawagawia. Kwenye kitanda cha kona alilala mtu wa makamo, mchuuzi wa viazi aliyetoka Rumangabo, uso wake ukiwa umepauka kwa njaa na safari. Alikipokea kikombe kwa mikono miwili na kusema ahsante kwa Kinyarwanda. Béata akafurahi kusikia lugha ya nyumbani, akamjibu kwa lugha hiyo hiyo na kumwongezea.

Kabla ya mchana walimchukua mchuuzi huyo wakampeleka kupasuliwa. Akiwa katika usingizi wa dawa, uji ulipanda kooni ukaingia mapafuni. Walifanya waliyoweza. Alirudishwa akipumua kwa shida, homa ikapanda, na baada ya siku chache akafa.

Binti yake, Héritière, ndiye aliyekuwa garde-malade wake. Asubuhi ile alikuwa ameenda kununua makaa. Siku baba yake alipofariki alimkuta Béata kwenye bomba la maji, akisuuza mashuka.

"Dada," akasema, "banasema papa alikuwa na kitu tumboni. Nani alimupa?"

Béata angeweza kunyamaza. Wapaji uji walikuwa wengi, na hakuna aliyekuwa amemtaja bado.

"Ni miye nilimupa," akasema.

 Héritière hakupiga kelele. "Aliniambia," akasema. "Nilirudi nikaona kikombe, nikamuuliza, papa, si balisema usikule? Akacheka. Akasema, mama wa bluzi nyeupe amenipa, anasema kama sisi. Na uji si kula, ni kunywa. Nami nikacheka naye." Akafunika uso kwa kitenge. "Nilicheka naye, dada."

Béata alitaka kumshika, lakini mikono yake ilikuwa imelowa sabuni, na hakujua kama bado ana haki ya kumgusa mtu.

Madame Sidonie alimwita ofisini siku hiyo hiyo, akafunga mlango.

"Weye si mutoto. Si mvivu. Unisemee ukweli. Juu ya nini hukuita jina?"

Béata akaeleza. Alieleza akitazama sakafu, na hata katika kueleza hakulitaja jina. Alisema "lile la baba mkwe".

 Madame Sidonie akasema, si kwa hasira, na hilo lilimuumiza Béata zaidi: "Basi mutu amekufa juu ya heshima."

"Ndiyo, Madame."

"Hata kwetu kuko mambo ya wakwe. Najua si muchezo." Alivua miwani yake akaifuta kwa pindo la bluzi. "Daktari anataka uende. Nimemuomba kitu kimoja. Jumatatu utaingia salle pamoja na miye, utaita kila mugonjwa kwa jina yake, sauti ya kusikika. Kuko Hitimana mwingine amelazwa jana, muzee wa moyo. Utamuita. Ukishindwa, urudishe bluzi ya kazi, na sitakusemea tena. Na sitakuwa na kosa, Béata. Bale balio kwenye vitanda habajui desturi yetu. Banatuamini tu."

Béata alirudi Ndosho kwa miguu. Jumamosi hakula. Jumapili, baada ya misa, muzee alimwita pale mlangoni alipozoea kukaa.

"Tangu juzi unatembea kama mutu aliyebeba maji kichwani anaogopa kumwaga. Kuko nini?"

Alipiga magoti kama ilivyompasa, akamsimulia yote. Uji, mchuuzi wa Rumangabo, binti yake, Jumatatu. Alipofika kwenye sababu hakumaliza, lakini muzee alikuwa ameshaelewa.

"Yeye pia aliitwa vile?" akauliza.

"Ndiyo, Databukwe."

Muzee aligeuza uso kuelekea barabarani, ambako hakuona tena kitu ila mwanga. Béata akadhani ameudhika.

"Nitarudisha bluzi," Béata akasema. "Nitauza makaa. Wengi banauza makaa na banaishi."

"Nani amekuuliza habari ya makaa?" Muzee akakohoa. "Sema jina."

"Databukwe, siwezi."

"Mwana wanjye, sema. Nakupa ruhusa. Miye mwenyewe, mwenye jina."

Béata alijaribu. Midomo yake ilifunguka, ikafunga. Mara ya tatu jina likatoka, dogo, kama mtu anayeongea ndani ya nguo.

"Hiyo nimesikia kwa sababu uko karibu," muzee akasema. "Mugonjwa wa kona atasikiaje? Simama. Uende pale kwenye jiwe. Uite."

Béata akasimama. Akaenda hadi kwenye jiwe jeusi mwisho wa kiwanja, akageuka.

"Hitimana!"

"Karame," akaitika muzee.

Ndivyo mtoto anavyoitika akiitwa na mzazi wake, na mdogo anapoitwa na mkubwa. Béata akaanza kulia.

Nyumba za Ndosho zina kuta za mbao, na kila mtu anasikia ya mwenzake. Kinu cha jirani kikanyamaza. Mama Julie akatoka mbio, mikono imejaa majani ya sombe.

"Béata! Ni nini? Muzee amekufa?"

Kwa Mama Julie, aliyezaliwa Masisi na kuolewa huko kwenye desturi hiyo hiyo, hapakuwa na sababu nyingine ya mkaza mwana kupaza jina lile.

"Hapana, Mama Julie, niko," muzee akajibu. "Huyu anasoma."

Mama Julie alisimama, akamtazama muzee, akamtazama Béata pale kwenye jiwe. Kisha akainamisha kichwa na kurudi ndani polepole, bila kuaga, kama mtu aliyefungua mlango wa chumba ambamo mwingine anavaa.

"Rudia," muzee akasema. "Bado sauti inatetemeka. Mugonjwa akisikia inatetemeka, ataogopa."

Béata akapangusa uso kwa kiganja. Muzee alikuwa amevua kofia yake na kuiweka magotini, akanyoosha mgongo, kama wagonjwa wanavyokaa kwenye benchi wakingoja zamu yao.

Akaita. Muzee akaitika. Akaita tena.