Sarafu ya Mama Mwenyekiti

Mimi huuza makoti ya mitumba sokoni Gikomba, na kabla sijalitundika koti lolote lazima nipekue mifuko yake. Wenzangu hutafuta noti. Mimi natafuta sarafu, tena si za kutumia. Nimewahi kupata yenye shimo katikati, nyingine yenye pembe saba, nyingine imechorwa mwanamke aliyebeba kikapu, na nchi yake hadi leo siijui. Nyumbani Mowlem nimezijaza kwenye mikebe mitatu, pamoja na ile shilingi arobaini yetu wenyewe iliyotengenezwa Kenya ilipofikisha miaka arobaini ya uhuru, uso wa rais upande mmoja, nembo ya taifa upande wa pili. Mwenye duka aliikataa, akasema haijui. Nilifurahi jamani! Nikamlipa na nyingine, nikakimbia nayo nyumbani.

Mama yangu huziita kokoto. "Mtu mzima na kokoto!" husema, mbele ya wageni pia. Huwa ananikasirisha, acha tu.

Basi kikundi cha kina mama wa kanisa letu kikapanga kumuaga mwenyekiti wake aliyekuwa anastaafu, na mwenyekiti mwenyewe ndiye huyo mama yangu. Amekalia kiti hicho tangu niko shule ya msingi, na hakuna matanga wala harusi mtaani ambako hakupika chai. Wengine wakataka tumpe leso, wengine blanketi. Nikasimama nikasema, huyu ana blanketi za kufungulia duka. Tumtengenezee sarafu ya kumbukumbu, na kila mwanachama abaki na yake. Walicheka lakini wakakubali. Hapo nikajua nimejitia kitanzi, kwa sababu sarafu ikiharibika, mama atanicheka mimi na kokoto zangu mpaka nizeeke.

Katibu wetu alitaka msalaba, njiwa, Biblia iliyofunguliwa, jengo la kanisa na mabati yake, na herufi za majina yetu sote.

"Dada," nikamwambia, "hii ni sarafu, si kalenda."

Tulibishana wiki nzima. Sarafu nzuri huwa na kitu kimoja tu, unakiona na umemaliza. Mwishowe nikashinda, nikachora mwenyewe: mama kuanzia kiunoni, kitambaa kichwani, anatukabidhi kikombe cha chai kwa mkono wa kulia, na maneno ya shukrani yamemzunguka. Upande wa pili tukamwachia katibu msalaba wake, anyamaze.

Fundi niliyempata ana kibanda nyuma ya maseremala, na kazi yake ni kuchonga mihuri ya maofisi. "Niaje, aunty," akasema akitazama mchoro wangu. "Hiyo ni kazi kidogo sana." Angechonga muhuri wa chuma, kisha augonge kwa nyundo juu ya vipande vya shaba, kimoja kimoja.

Jumamosi mchana, siku moja kabla ya sherehe, nikaenda kuzichukua. Lo, zilikuwa zinang'aa! Maneno yamekaa sawasawa. Kitambaa cha mama kina hata maua yake. Nikaitazama moja kwa karibu, nikachukua nyingine. Kikombe kilikuwa kwenye mkono wa kushoto.

"Fundi, umefanya nini?"

Akaangalia sarafu, akaangalia muhuri, akaangalia mchoro, kisha akashika kichwa. Herufi amezichonga kinyume maisha yake yote, hata hafikirii, ndiyo maana zilitoka sawa. Picha hakuwahi kuchonga. Aliichonga vile alivyoiona kwenye karatasi, na ilipogongwa ikageuka.

"Lakini aunty, nani ataangalia mkono?"

"Mama yangu!"

Kwetu mtu hapewi kitu kwa mkono wa kushoto. Ni kumdharau. Mama alinichapa mara nyingi kwa kosa hilo, na wajukuu wake pia wameonja. Sasa ningemwonyesha mbele ya kanisa akifanya lilelile alilotuchapia. Shaba ilikuwa imekwisha, na muda wa kutafuta nyingine haukuwepo. Nilimtukana fundi, nikamwomba msamaha, nikazifunga sarafu kwenye gazeti nikaenda zangu nikilia.

Jumapili baada ya ibada tukakusanyika ukumbini, nikagawa sarafu. Katibu ndiye aliyeona kwanza, nani mwingine? "Ai! Mbona mwenyekiti anatupatia chai na kushoto?" Nikaanza kueleza habari za fundi na muhuri, hakuna anayenisikiliza. Mama alikuwa ameshika sarafu yake. Aliileta karibu na macho, akaipeleka mbali, akairudisha.

"Nani alikwambia?" akaniuliza.

"Kuniambia nini, Mama?"

Akainua mkono wake wa kushoto, akautazama. "Mimi nilizaliwa wa mkono huu. Nilipokuwa mdogo waliufunga kwa kitambaa mpaka huu mwingine ukajifunza. Hata baba yenu hakuwahi kujua."

Kisha akacheka, akacheka mpaka machozi. Mimi sikujua nicheke au nilie, nikafanya yote mawili. Lakini hasira nayo ikanipanda, siwezi kudanganya.

"Na sisi ukatuchapa!"

"Niliwachapa ili msichapwe na wengine," akasema.

Akainuka, akaenda kwenye meza ya chai, akachukua birika kwa mkono wa kushoto na kumfuata katibu pale alipoketi.

"Lete kikombe."

Katibu akautazama mkono ule, akatutazama sisi, kisha akanyoosha kikombe chake kwa mikono miwili. Mama akamimina mpaka ukingoni, na hakumwaga hata tone.