Mayai ya Gesi ya Mwisho

Kuna wanawake huku Doha ambao hadi leo tukikutana dukani wananisalimia vizuri kabisa, habari ya kazi, habari ya nyumbani, kisha wanashika pua. Siwalaumu. Aibu niliyoipata siku ile ni yangu halali, sikuazimwa na mtu, na nimeona heri niisimulie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa Namata, maana yeye huitia chumvi hadi anaweka na magari ya zimamoto, ambayo Mungu ni shahidi hayakuwepo.

Mimi ni Naliaka, askari wa mlangoni kwenye jumba moja refu la ofisi, na wakati huo tulikuwa tunaishi pembezoni mwa mtaa wa Muaither kwenye kempu ya wanawake, zile nyumba za potakabini, vijumba vya bati jeupe vinavyoletwa na lori vikiwa vimeshajengwa, vikapangwa mistari mistari juu ya mchanga. Ukitoka shifti asubuhi ukavikuta vile, vumbi limesimama hewani na jua linapita katikati yake, ungedhani vinaelea, kwamba upepo ukija kidogo tu utavichukua na sisi tukiwa ndani, na mimi mara nyingi nilikuwa nimechoka hata sijali tunapelekwa wapi.

Shida yetu ilikuwa stima na gesi. Stima ilitoka kwa jenereta lililonguruma nyuma ya kempu mchana kutwa, likizimika bila kuaga, na likizimika wakati wa joto kiyoyozi kinanyamaza na bati linaanza kukukaanga taratibu. Gesi nayo, kila chumba kilikuwa na mtungi wake nje ya mlango, mpira unapitia dirishani hadi kwenye jiko, na mpira wa jirani yetu mmoja ulikuwa umefungwa kwa kibanio cha nywele (siongezi, nilikiona). Kisha chumba kimoja kikaungua pazia na nusu ya dari. Hakuna aliyeumia, lakini tukaambiwa waziwazi: ama kempu iwekewe stima ya laini na gesi ya bomba, ikaguliwe, ipite, ama ifungwe na sisi tuhamishiwe kempu nyingine huko jangwani ambako hata gari la kanisa haliendi. Kwa hiyo mafundi walipoanza kuchimba mitaro ya mabomba, tuliwapelekea chai kama wakwe.

Injinia wao alikuwa Msudani mpole, Injinia Idris, mwenye sauti ya chini utadhani anaogopa kumwamsha mtu. Alitukusanya uani kutufundisha, akiongea Kiingereza, na kwa kuwa mimi ni askari nikachaguliwa kutafsiri, kisha nikapewa jaketi la njano na filimbi, niwe msimamizi wa usalama wa mstari wetu. Lile jaketi! Sikuambiwa nilivae kila siku, lakini nililivaa kila siku, hata kwenda kufua. Injinia akaeleza kwamba gesi yenyewe haina harufu, inatiwa dawa makusudi ili ikivuja ujue, na harufu yake ni ya yai lililooza. Mimi nikaona nitafsiri kwa Kiswahili cha shuleni.

"Mkisikia harufu ya mayai viza," nikasema, kifua mbele, "msiwashe kitu, tokeni nje."

Namata, ambaye ni Mganda na ndiye niliyekuwa nikilala naye chumba kimoja, akainua mkono. "Dada Naliaka, mayai nayo yanahitaji viza kuingia Qatar?"

Uani kukawa kicheko kitupu, watu wakaanza kuulizana viza yao inaisha lini, na Injinia Idris akacheka pia bila kujua anacheka nini. Mimi nikapuliza filimbi watulie. (Ndiyo. Nilipuliza filimbi.)

Sasa hapa ndipo nilipoharibu mambo, na mtaona jinsi kilivyokuwa kitu kidogo. Tuliambiwa kempu itakatwa stima kwa siku kadhaa, kila mtu atafute pa kulala, na kabla ya kuondoka turudishe mitungi. Nikatikisa mtungi wetu, nikasikia bado una gesi. Roho ikaniuma. Nirudishe gesi yangu hivi hivi? Nikatoa trei nzima ya mayai kwenye friji nikayachemsha yote, mradi gesi iishe, na mtungi ulipokohoa na moto ukafa nikajisikia mshindi. Tukala mengine, mengine nikayafunga kwenye mfuko wa plastiki niende nayo mtaa wa Najma, kwa binamu yangu Nasimiyu, ambako ningelala siku hizo. Gari likapiga honi. Nikauweka mfuko chini ya kitanda nifunge kwanza sanduku, nikafunga sanduku, nikavaa jaketi langu la njano, nikaondoka.

Kule kwa Nasimiyu sikuyakumbuka hata mara moja. Nilikuwa naota stima mpya. Kweli kabisa, nikilala mchana baada ya shifti naota kiyoyozi kisichozimika, chumba kina baridi kama ya Kitale mwezi wa saba, na jikoni kuna moto wa buluu umetulia, hautoi sauti wala haurukiruki, na mimi nimeketi mbele yake na kikombe, sina haraka ya kwenda popote.

Siku ya ukaguzi nilitoka kazini moja kwa moja hadi kempu, macho yamejaa usingizi. Kitu cha kwanza kilichonishangaza ni ukimya. Jenereta lilikuwa limeondolewa. Miaka yote niliyoishi pale sikuwahi kuisikia kempu bila ngurumo, na sasa nilisikia njiwa wakitembea juu ya bati, nilisikia mtu anachana nywele nyumba ya tatu, nilisikia hata mchanga ukisukumwa na upepo ukutani. Wanawake walikuwa wamesharudi asubuhi hiyo, wengine wako bafuni, wengine nje kivulini, Namata amesukwa nusu ya kichwa, na Mama Teresia, Mkenya mwenzangu ambaye ndiye mkubwa wetu sote pale, ameshaweka sufuria ya pilau kwenye jiko la chumba cha mfano, kile cha kwanza kuwashwa, ili mkaguzi aone gesi ikifanya kazi. Mkaguzi mwenyewe, mzee wa Kiqatari, kanzu nyeupe inayoumiza macho, alikuwa anatembea na Injinia Idris akitikisa kichwa kwa kuridhika.

"Naliaka, fungua mstari wenu," Injinia akaniambia. "Tukimaliza huo, khalas, imekwisha, tunawasha vyote."

Nikafika mlangoni kwetu na funguo za mstari, ambazo nilikabidhiwa mimi kama msimamizi. Nikafungua. Joto likanipiga usoni kama shuka lililolowa, na ndani ya lile joto, jamani, ikaja ile harufu. Nilisimama pale sekunde mbili au tatu, nusu niko macho nusu bado naota, na kichwani nikasikia sauti yangu mwenyewe ikitafsiri kwa Kiswahili safi. Mayai viza. Sikujiuliza lolote. Mtu mwingine angekumbuka kwamba ana mayai. Mimi nilikumbuka kwamba nina filimbi.

Nikapuliza. Nikapuliza hadi masikio yangu mwenyewe yakaziba, nikakimbia kwenye nguzo ya mwisho ya mstari, nikavunja kioo nikabonyeza kitufe chekundu, kile kinachokata gesi na stima ya kempu nzima, na king'ora kikaanza kulia. "Mayai viza!" nikapiga kelele. "Tokeni! Mayai viza!" Na walitoka. Yuko aliyetoka na povu la sabuni hadi machoni, yuko aliyetoka na taulo na viatu vya kazini, Namata akakimbia na nusu ya nywele zake zikipepea, wote hadi kwenye uwanja wa kukusanyikia ambao hauna hata kivuli cha waya, katika jua lile la Doha linalokutazama kana kwamba linakudai. Mama Teresia alikuja mwisho, ameshika mwiko, anageuka nyuma kuliangalia pilau lake kama mtu aliyeacha mtoto.

Mimi nikawa napita mbele yao nikiwahesabu. Nilijiona shujaa, nawaambia ukweli. Nilishaanza kufikiria nitampigia mama simu nimweleze nilivyookoa kempu.

Injinia Idris aliingia chumbani kwetu na kile chombo cha kunusia gesi, mkaguzi nyuma yake. Wakakaa. King'ora kikanyamazishwa, na ule ukimya ukarudi, mkubwa kuliko mwanzo. Wakatoka mlangoni, na mkononi mwa injinia, mkono umenyooshwa mbali na mwili, kulikuwa na mfuko wa plastiki unaodondosha maji.

"Hakuna gesi," akasema kwa ile sauti yake ya chini. "Huu ni wa nani?"

Ningeweza kunyamaza. Nilijaribu hata. Lakini Namata alikuwa ameshaunyooshea kidole, wala si kwa ubaya, alishangaa tu kama mtu aliyemwona ndugu yake mahali asipotarajia. "Naliaka, si hayo ni mayai yako yale ya kumaliza gesi?"

Watu hawakucheka. Hilo ndilo lililonimaliza. Wangecheka ningepona. Walinitazama, wamelowa jasho, mmoja bado na sabuni, na mkaguzi akamwambia injinia jambo kwa Kiarabu, taratibu, akafunga kalamu yake akaiweka mfukoni. Injinia akanieleza: kitufe kikishabonyezwa, mabomba yote lazima yapimwe upya kuanzia mwanzo. Leo haitawezekana. Mkaguzi atarudi wiki ijayo.

"Na tukalale wapi?" akauliza Mama Teresia.

Nikavua lile jaketi pale pale, nikaenda mbele yake. "Mama, nisamehe. Nilidhani..."

"Ulinusa, ukakimbia, ukatutoa," akasema. "Hiyo si mbaya. Lakini mwanangu, pilau langu lilikuwa limebakiza dakika chache tu." Machozi yalikuwa yanamlenga, na sijui hadi leo yalikuwa ya pilau au ya kulala kwa watu tena. Tulilila lile pilau likiwa na kiini, tumeketi kwenye ngazi za potakabini, mchele unalia kwenye meno, na hakuna aliyelalamika, wala hakuna aliyekaa upande wangu isipokuwa Namata, naye alikaa upande ule upepo unakotoka.

Mkaguzi alirudi, kempu ikapita, tukabaki Muaither. Ila mimi sikuwepo. Siku moja kabla Mama Teresia alinipigia, akakohoa kohoa, akasema wameongea kama familia wakaonelea kesho nibaki tu Najma nipumzike. Nikabaki. Mchana Namata akanitumia video: mkono wa Mama Teresia unazungusha kitufe cha jiko, kimya kidogo, kisha moto wa buluu, mviringo, umetulia kama nilivyouota, na wanawake wanapiga vigelegele. Nikapiga makofi peke yangu jikoni kwa Nasimiyu, na mume wake akachungulia kuona kuna nini.

Nimeapa. Gesi ikibaki, ibaki, mtungi uondoke nayo. Na yai silichemshi tena maishani mwangu. Nikilitaka sana nakaanga moja, nalila nikiwa nimesimama hapo hapo jikoni, na siondoki hadi nimeosha sahani.