Mwanamke Aliyemwagilia Msingi

Jina alilopewa na wazazi wake lilitumika kwenye kitambulisho na kwenye kadi ya hospitali. Kwingine kote aliitwa Mama Nondo. Hakuitwa hivyo kwa sababu ya mwili wake mwembamba na mgumu, ingawa alikuwa nao, bali kwa sababu alikuwa amekunja nondo na kufunga kwa waya ringi, vile vyuma vya mraba vinavyoshika nondo pamoja, kwa miaka ishirini na minane, huku akibishana na wanaume walioona ringi tatu zinatosha pale ambapo yeye aliona tano. Alikuwa fundi wa misingi. Kuta hazikumshughulisha. Ukuta, alikuwa akisema, kila mtu anauona, kwa hiyo hata mvivu hujitahidi kidogo. Msingi ukishafukiwa hauonwi na mtu, ndiyo maana wengi huuweka kwa moyo uleule ambao wanasiasa hutolea ahadi za uchaguzi.

Mtaa wao ulikaa juu ya udongo mweusi. Kiangazi udongo huo hupasuka nyufa za kumeza mkono hadi kiwiko. Kuku wa jirani aliwahi kupotezea humo vifaranga wawili, na hakuna aliyeshangaa. Mvua zikija unakunywa, unavimba, na kuinua chochote kilichokaa juu yake: sakafu, vizingiti, matangi ya maji, heshima za watu. Mvua zikiisha unashuka tena, ila haurudi palepale ulipotoka. Katika mtaa mzima hapakuwa na mlango uliofungika miezi kumi na miwili. Wenyeji walisukuma kwa bega, na mgeni alitambulika kwa jinsi alivyohangaika na kitasa.

Udongo huo ulikuwa umemuaibisha Mama Nondo mwenyewe. Nyumba yake ya kwanza aliijenga akiwa na miaka ishirini na sita, mwisho wa kiangazi, ardhi ikiwa imekauka kiasi kwamba sururu iliruka na kumrudia. Alifurahi, akadhani amepata mwamba. Akamwaga jamvi, ile sakafu ya zege inayolala juu ya msingi, likatoka limenyooka kama meza. Msimu wa mvua ulipopita, kingo zilikuwa zimepanda na katikati kumebaki chini. Ukimwaga maji mlangoni yalikwenda kukusanyika chini ya kitanda. Mumewe, fundi seremala, mtu mpole anayeamini hakuna tatizo duniani lisilotibika kwa randa, aliamua kwamba mbao zimevimba. Akauranda mlango mwaka huo, na mwaka uliofuata, na mwingine tena, mpaka ukawa na umbo la jeneza lililotengenezwa kwa haraka. Ilimchukua Mama Nondo miaka mitatu kukubali kwamba mlango haukuwa na kosa lolote, na kwamba mkosaji ni yeye. Tangu hapo hakumwaga tena zege juu ya udongo mweusi mkavu, hata mwenye nyumba apige magoti. Wawili walipiga. Wakatafuta fundi mwingine, na mpaka leo wanasukuma kwa bega.

Mama yake alikuwa na miaka themanini na moja, akiishi kwenye nyumba ya zamani ambayo sakafu yake ilikuwa imegawanyika kati ya kitanda na mlango, upande mmoja ukiwa juu ya mwenzake kwa vidole vitatu. Asubuhi moja mguu wake ulinasa kwenye ule mdomo wa zege, akaanguka, akavunjika mkono. Mkono ulipona, lakini tangu siku hiyo alitembea nyumbani kwake akishika ukuta, kwa adabu, kama mgeni asiyejua vitu vinakaa wapi. Watoto wakakubaliana kumjengea nyumba nyingine upande wa pili wa kiwanja. Mama Nondo angeweka msingi, mdogo wake wa kiume, kitindamimba wa familia, angeshughulikia vifaa na mchoro. Mama yao alisikiliza mipango ya marumaru na dari, kisha akasema lake.

"Mimi nataka nitoke kitandani nifike chooni bila kushikilia ukuta kama mlevi. Mengine mtajipendezesha wenyewe."

Kitindamimba alikuwa mtu wa ofisini, mwenye viatu vinavyong'aa hata siku za kazi za mikono. Alimpenda mama yake na alikuwa na haraka. Mambo hayo mawili kwake yalikuwa kitu kimoja. Mchoro aliouleta ulikuwa mzuri, una mihuri miwili, na ulikuwa umechorwa kwa ajili ya kiwanja cha kichanga cha rafiki yake. Ulitaka mitaro ya kina cha goti, kisha jamvi lilale moja kwa moja juu ya ardhi. Mvua zilikuwa zimebakiza mwezi. Alitaka mama yake awe ndani kabla hazijaanza.

Mama Nondo alitaka eneo lote la nyumba lichimbwe hadi kifuani, udongo unaobaki chini umwagiliwe maji hadi ushibe, ndipo shimo lijazwe changarawe nyekundu, ambayo mvua haiitikisi. Kazi ya wiki tatu, pengine zaidi. Kitindamimba alichukua sururu, akapiga ardhi, cheche ikaruka. Akatabasamu kama mtu aliyeshinda kesi.

"Dada, huu ni mwamba."

"Hiyo ni kiu," dada yake akamjibu.

Akaokota bonge palepale sururu ilipopiga. Akaenda nalo jikoni kwa mama yake, akalitwanga kwenye kinu, akashindilia unga wake kwenye kopo la maziwa ya unga alilotoboa matundu chini. Juu yake akaweka kisosi, juu ya kisosi tofali, na kopo lote akalisimamisha ndani ya beseni la maji. Mama yao alitaka kujua kama kinu chake kitarudi kuwa kinu. Akaambiwa kitaoshwa. Kesho yake mchana, kitindamimba aliporudi, tofali lilikuwa limepanda unene wa kidole gumba, nalo limeinama upande kama mtu anayesikiliza umbea. Akasema tofali ni jepesi, nyumba ni nzito. Dada yake akamuuliza kama ile nyumba iliyomvunja mama mkono ilijengwa kwa karatasi.

Lakini kule mjini alikuwa ameshakodi mashine ya kuchanganyia zege kwa Jumamosi, na mtu wa ofisini akishaandika siku kwenye kalenda, siku hiyo huwa na nguvu kuliko udongo.

Mama Nondo naye alikuwa na siku zake. Kuanzia Jumatatu alichimba na vibarua wawili, akapita kina cha mchoro, akapita goti, akapita kiuno. Jumamosi asubuhi mashine ilipofika ikivutwa nyuma ya lori, na watu wanane na makoleo yao, walimkuta ameketi katikati ya shimo kwenye kigoda alichochongewa na mumewe. Alikuwa na chupa ya chai, na mkononi ameshika mpira wa maji unaomwaga taratibu kama anamwagilia mchicha. Maji yalikuwa yamemfika kwenye vifundo vya miguu.

Mwenye mashine, mtu mnene aliyezoea kusikilizwa, alichungulia.

"Mama, toka tumwage."

"Mwageni tu. Mtakuwa mmeongeza nondo moja."

Watu wanane walicheka kabla hawajakumbuka nani anawalipa. Kitindamimba akaja mbio, akasimama ukingoni, viatu vyake vikidondosha vumbi ndani ya maji.

"Dada, unaniaibisha mbele ya watu."

"Watu wataondoka saa kumi. Mama atabaki."

"Mchoro umepitishwa na mhandisi."

"Alipita hapa lini? Mlete, nimpishe kigoda. Huu udongo nimeusoma miaka ishirini na minane, na bado kila mwaka unanipa mtihani mpya. Yeye ameupasi bila kuuona."

"Na mvua ikikuta shimo?"

"Ikikuta shimo itanipunguzia kazi ya kumwagilia. Ikikuta jamvi juu ya ardhi kavu, itaanza kulinyanyua taratibu, na siku moja mama atashuka kitandani mguu unase. Safari hii sijui atavunjika mkono au nyonga. Wewe utakuwa ofisini. Kwa hiyo sitoki. Kama unataka kunitoa, ingia."

Hakuingia. Viatu havikumruhusu, na pia alikuwa mtoto wa mwisho. Tangu utotoni hakuna hata siku moja aliyomtoa dada yake mahali alipoamua kukaa.

Wakati huo mama yao alikuwa ameshaletewa kiti. Akainamia shimo, akatazama maji, akamtazama binti yake kama mtu anayekagua kitu alichokitengeneza mwenyewe zamani na kushangaa bado kinafanya kazi. Kisha akamgeukia mwanawe.

"Wewe kwako, mlango unafungika?"

Kitindamimba aliishi ghorofa ya tatu. Akasema unafungika.

"Ndiyo hivyo. Huyu wake haufungiki. Mwache yeye aseme."

Kesi ikaisha. Lakini saruji ilikuwa imeshafunguliwa na watu wamesimama, na kitindamimba hakuweza kurudi mjini mikono mitupu. Mchoro ulikuwa na baraza la mbele. Akaamuru angalau baraza limwagwe, pale kwenye ardhi ngumu ambayo dada yake hakuwa ameigusa. Mama Nondo hakupinga. Alikuwa anajua kuchagua vita, na shimo lilikuwa lake. Aliomba jambo moja tu: kati ya baraza na mahali ambapo nyumba itasimama, waache nafasi ya kidole.

"Ya nini?" mdogo wake akauliza.

"Vikiachana, visigombane."

Baraza likamwagwa, likasuguliwa, likatoka limenyooka kama meza. Mama Nondo aliyaona hayo akiwa shimoni, akanywa chai.

Kwa siku kumi na moja alimwagilia. Habari zilienea kwamba Mama Nondo amechanganyikiwa, anapanda msingi. Mshona viatu wa jirani aliuliza samaki wataanza kuvuliwa lini, akaambiwa aje na wavu wake, maana hapa hawakopeshi. Kila asubuhi Mama Nondo aliingia pekupeku, akachoma chini kwa kipande cha nondo, akasikiliza mkono wake. Siku ya tisa nyufa zilikuwa zimejifunga. Siku ya kumi na moja nondo ilizama sawasawa kila pembe, akafunga bomba.

Maji yalipokauka juu, hakungoja ardhi ianze kupasuka tena. Changarawe ilishuka tabaka kwa tabaka, kila moja la kina cha kiganja, ikanyunyiziwa na kushindiliwa. Kipimo chake kilikuwa kisigino: alisimama juu ya tabaka, akajizungusha, na kisigino kikiacha alama vibarua walirudia bila kujadili. Wakajadili mara moja. Wakarudia. Kisha ukaja mkanda wa zege kuzunguka nyumba nzima, nondo juu na chini, ringi tano pale mchoro uliposema tatu, zote zimekalishwa juu ya biskuti, vile vitofali vidogo vya zege vinavyozuia chuma kisiguse udongo. Likatandazwa karatasi la nailoni, ukasukwa wavu wa chuma, jamvi likamwagwa. Mvua ya kwanza ilinyesha siku mbili baadaye, na kitindamimba akapiga simu kwa sauti ya msibani. Dada yake akamwambia zege changa hupenda maji, asante kwa kuuliza.

Kuta zilipanda kati ya mvua na mvua. Mama yao akaingia miezi mitatu baada ya ile Jumamosi ya kwenye kalenda. Mama Nondo alimwekea masharti kama daktari: maji ya kuoga yasimwagwe nje ya ukuta, migomba isipandwe karibu, mifereji ya bati ipeleke maji mbali. Mama mtu alisema hajawahi kuishi kwenye nyumba yenye sheria nyingi hivi, na alizifuata zote.

Msimu uliofuata mvua zilinyesha wiki saba mfululizo. Kila Jumapili kitindamimba alipiga simu kumjulia hali mama yake, akazungukazunguka, hakuuliza habari za sakafu. Zilipokatika, alikuja. Seremala alikuwa ametangulia na randa yake kwenye mfuko, kwa mazoea tu ya miaka mingi. Mama mkwe wake alimwita mlangoni, akausukuma mlango kwa kidole kimoja. Ukafunga. Akaufungua, akausukuma tena. Seremala alibaki amesimama na randa kama daktari aliyekuta mgonjwa ameenda sokoni. Mtu angedhani amefiwa.

Kitindamimba aliingia uani akitazama ukuta, akitafuta ufa, hakuona, na kwa sababu alikuwa anatazama juu mguu wake ulinasa kwenye ukingo wa baraza. Lilikuwa limepanda vidole vinne upande wa nje na kupasuka katikati, ufa wa kupitisha shilingi. Ile nafasi ya kidole ilikuwa bado ipo: baraza lilikuwa limejikunja lilivyotaka, na nyumba haikuguswa. Alijishika kwenye nguzo. Dada yake alikuwa ameketi pale kwenye kigoda, akifuta matope kwenye pimamaji. Akaendelea kufuta hata pale palipokuwa safi tayari.

"Nitaleta watu walivunje," kitindamimba akasema. "Tulijenge upya. Unavyotaka wewe, dada."

"Liacheni," mama yao akasema kutoka ndani. "Nataka kila atakayekuja hapa na mchoro aanzie kukanyaga hapo."

Akatokea chumbani. Alitoka kitandani, akapita sebule, akaelekea chooni, polepole, mikono yote miwili ameikutanisha mgongoni kama mkaguzi. Ukuta hakuugusa. Alipofika mlango wa choo aligeuka, akarudi njia ileile, ingawa hakuwa na haja, akasimama mbele ya mwanawe aliyekuwa bado ameshika nguzo.

"Pole, mwanangu. Pita ndani, huku hakuna kujikwaa. Na uvue viatu."