Kitabu cha Ndoa Nilichokisoma Nusu

Aibu hii naisimulia mwenyewe kabla hamjaisikia kwa watu wa mtaani kwetu Gisimenti, maana wao lazima waongeze chumvi.

Miaka ile ya mwisho wa tisini nilikuwa karani wizarani Kacyiru, hapa Kigali, na kila Jumapili baada ya ibada ya Kiswahili tulibaki ukumbini kanisani, wasomaji wachache, wengine wametoka Bukavu, sisi wengine tumekulia Bukoba, tunakunywa chai huku mmoja akieleza vitabu alivyomaliza karibuni. Zamu yangu ilipofika nilijiandaa kama mhubiri wa mkutano mkubwa, kwa sababu mchumba wangu Béatrice angekuwepo na baba yake, Mzee Anastase, na Jumamosi iliyofuata ukoo wetu ulikuwa uende kwao kwa gusaba, yaani kumposa rasmi. Nilitaka mzee ajue bintiye anaolewa na mtu mwenye kichwa.

Kitabu cha kwanza kilihusu kufunga na kuomba. Nikasema ni kizuri, ila mwandishi anaizungumzia njaa kama mtu ambaye hajawahi kukosa chakula cha mchana. Watu wakacheka, nami kichwa kikavimba. Cha pili kilihusu ndoa ya Kikristo, cha Kifaransa, cha zamani, nilikitoa kwenye sanduku la mmisionari aliyerudi kwao. Karatasi zake zilikuwa nene (nikajisemea wachapaji wa zamani hawakuwa wabahili), na mwandishi alirukaruka kutoka wazo hadi wazo, jambo ambalo nililieleza ukumbi mzima kuwa ni kina cha kiroho.

"Mwandishi anasema wazi," nikatangaza nikimtazama mzee, "mume akishaamua, mke hajibu. Nami nakubaliana naye kabisa!"

Béatrice akaweka kikombe chini. "Hebu nipe nione." Akapapasa ukingo wa kitabu. "Mbona karatasi iko nene hivi? Iko imeshikana."

Kumbe vitabu vya zamani vilitoka kiwandani kurasa zikiwa bado zimeungana ukingoni, na msomaji ndiye anazikata mwenyewe! Waliosoma kwa masista walijua. Mimi nilikuwa nimesoma kurasa za nje tu (na namba za kurasa, jamani, nani huzitazama?), za ndani zimefungwa kama bahasha.

Béatrice akachukua kisu cha mkate, akakata taratibu, akatusomea kwa Kiswahili: "Hivyo ndivyo nilivyoamini ujanani, na hivyo ndivyo nilivyoibomoa nyumba yangu."

Watu walicheka mpaka chai ikamwagika. Béatrice hakucheka.

"Kuruka kurasa si kitu," akaniambia, kwa sauti ya chini ambayo wote waliisikia. "Ila ulifurahi sana kukubaliana naye."

Mzee Anastase akakohoa. "Mwanangu, ile gusaba ya Jumamosi tuiache kwanza. Enda umalize kitabu, halafu utakuja."

Nilitamani ardhi inimeze. Nikaenda nyumbani nikakata kurasa zote, na ndani nikamkuta mwandishi mwenyewe, mzee anayejuta: mke alimwonya, yeye akamnyamazisha, na alipotaka kumsikiliza, mama wa watu alikuwa ameshaacha kusema. Iliniuma, nawaambia ukweli. Nikamwendea Béatrice bila hotuba yoyote, nikamwambia nimekosa, naye akanihoji alasiri nzima. Gusaba ilikuja kufanyika, lakini nilisota kwanza.

Nimeapa: sitoi maoni ya kitabu mbele za watu kabla mke wangu hajatoa yake. Mara nyingi hatukubaliani. Akinijibu, nanyamaza mpaka amalize.