Ukuta Ulioliwa

Mwaka nilioolewa, katika miaka ya hamsini, nilitoka Ipogolo kwenda ukweni, milimani juu ya Mbeya, na sanduku moja na vifurushi vitatu vya udongo: mwekundu wa nyuma ya nyumba yetu, mweupe wa mtoni na mweusi wa bondeni. Dereva wa basi aliniuliza kama Mbeya hakuna udongo. Nikamwambia upo, ila si wetu.

Ukweni bibi harusi alitakiwa asiribe ukuta wa mbele kwa mikono yake, wakwe waone kama amefundwa. Basi nikakoroga udongo wangu, nikapaka kwa viganja: wekundu mpana juu, weupe ukiukatiza, weusi ukizama chini. Sikuchora mtu wala ng'ombe. Ilikuwa milima ya mababu zangu jinsi nilivyoikumbuka nikilia.

Mama mkwe aliutazama, akauzunguka, akautazama tena.

"Hii kitu gani?"

"Ni kwetu, mama."

"Kwenu hakuna hata kuku?"

Akasema Jumapili wageni wa kanisani wanakuja, kwa hiyo Jumamosi niufute uchafu ule kwa mavi ya ng'ombe, kama wanawake wenye akili. Mimi nina hasira za karibu. Nilisema "Ndiyo, mama" huku nimeuma meno. Pale nyumbani ukuta ule ndio kitu pekee kilichokuwa changu.

Kesho yake ukuta ukaanza kupungua. Kwanza kilitoka kipande cha wekundu, ukubwa wa kiganja, kisha viwili. Nikamshuku mbuzi wa pale nyumbani, nikamfunga kamba fupi, nikamtukania ukoo wake wote. Ijumaa asubuhi likatokea shimo jipya usawa wa kidevu changu, na mbuzi yule, pamoja na ubaya wake, hakuwa na ngazi.

Mchana huo nilirudi mapema kutoka kisimani. Mama mkwe alikuwa ukutani, anakwangua kwa ukucha, kidevu chekundu.

"Naangalia kama imekauka," alisema, mdomo umejaa.

Ndipo nikaona jinsi kanga yake ilivyofungwa juu kuliko kawaida, nikaelewa hamu ile ya udongo. Alikuwa na wajukuu wanne tayari, na kijiji kingesema mama anashindana kuzaa na mkwewe. Nilimwonea huruma kweli. Nilibanwa na kicheko vilevile, nikakimbilia jikoni kuchochea moto uliokuwa unawaka vizuri tu.

Jumamosi nilitoka na ndoo ya mavi ya ng'ombe, kama nilivyoamriwa. Akanipokonya.

"Acha kwanza. Wageni waone."

Jumapili walikuja, wakasimama, wakapinda shingo. Mke wa mwalimu wa kanisa akauliza ile ni picha ya nini.

"Ni kwao binti yangu," alijibu mama mkwe. Hadi siku hiyo aliniita "wewe". "Kuzuri sana."

"Kumbe umeshafika?"

"Bado," alisema, akijifuta mdomo kwa upindo wa kanga. "Lakini udongo wake naujua."