Mate ya Mama Halima

Juzi mpwa wangu alikuja kwangu amevaa tisheti yenye picha ya yule polisi wa vichekesho vya zamani vya televisheni, akiibusu bunduki yake. "Anti, huyu jamaa ni mnoma, hakuna kama yeye!" akaniambia.

Utotoni tulimtazama dukani kwa Mama Halima, pale mjini Mwingi, kwenye televisheni iliyotumia betri ya lori. Duka lilinuka mafuta ya taa na ngozi za mbuzi. Kila mara yule polisi alipoibembeleza bunduki kama mtoto mchanga, wanaume waliangua kicheko, na watu wasioonekana ndani ya televisheni wakacheka nao. Alasiri moja Mama Halima alitoka nyuma ya kaunta, akamtemea polisi mate pale kwenye kioo.

Kwetu Ukambani, nyanya alikuwa akinitemea mate kifuani kunibariki. Basi nikafurahi. "Mama, mbariki tena!" nikasema. Akazima televisheni.

Wakati huo sikujua kwamba mumewe, aliyeuza ng'ombe, alikuwa amepigwa risasi na askari, na askari mwenyewe akacheka.

"Anti, umeipenda?" mpwa wangu akauliza, akijigeuza niione vizuri. Mate yalinijaa mdomoni, na hayakuwa ya baraka.